Maswali na majibu: Programu ya maktaba inaniambia "matokeo 0", nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu ninayesimamia maktaba ya shule ya sekondari hapa Tanga mjini. Tuna vitabu vipatavyo 2,000, ambavyo hadi leo vimo katika daftari la mapokezi tu. Nimewekewa kwenye kompyuta ya mezani programu ya kutafutia rekodi katika kanzidata za maktaba kubwa kwa njia ya Z39.50, ili nisiandike upya taarifa za kila kitabu. Nilipoandika jina la kitabu nilipata matokeo 0. Nilipoandika neno "Kiswahili" nilipata maelfu. Na mara nyingine programu inasema haikuweza kuunganishwa. Je, kosa ni la intaneti, la programu au ni langu? Na mtu anayeanza aanzie wapi?

JIBU la mkutubi, Bagamoyo: Mwalimu, umenirahisishia kazi kwa kuzitenganisha dalili zako tatu, kwa sababu kila moja ina chanzo chake, na wengi huzirundika pamoja wakaziita "mtandao mbovu". Programu inaposema haikuweza kuunganishwa, maana yake ombi lako halikufika kwenye maktaba uliyoilenga. Inaposema matokeo ni 0, ombi limefika, limetafutiwa na limejibiwa, na jibu lenyewe ni kwamba hakuna rekodi inayolingana na ulivyouliza. Inapokuletea maelfu, nayo imekujibu sawasawa, ila swali lilikuwa pana mno. Kwa hiyo katika dalili zako tatu, ni moja tu inayokupa haki ya kuushuku mtandao.

Tulimalize kwanza hilo la kuunganishwa. Z39.50 ni kanuni ya mazungumzo baina ya kompyuta ya anayetafuta na kompyuta ya maktaba, iliyotungwa Marekani na baadaye kukubaliwa kimataifa kwa namba ya ISO 23950. Kwa kila maktaba unayotaka kuifikia, programu huhitaji kujua anwani ya seva (kompyuta ya maktaba inayojibu maombi), namba ya mlango, ambayo kwa kawaida ni 210, na jina la kanzidata. Yachukue yote kutoka kwenye maelezo ya sasa ya maktaba yenyewe, wala usitegemee orodha iliyokuja na programu, kwa kuwa anwani hubadilika na orodha hubaki na zile zilizokwisha kufa. Mimi iliwahi kunipotea asubuhi nzima nikichomoa nyaya na kuwasha modemu upya, kumbe niliponakili anwani nilibeba na nafasi tupu mwishoni mwake, ambayo jicho halikuiona lakini kompyuta iliihesabu kuwa ni sehemu ya anwani.

Ikiwa kurasa za kawaida za intaneti zinafunguka vizuri na programu bado inagoma, yamkini mtandao wa shule umefunga mlango huo wa 210, kwani wanaoweka mitandao ya taasisi mara nyingi huacha wazi milango ya kurasa za tovuti peke yake. Jaribio lake ni jepesi: unganisha kompyuta na intaneti ya simu yako kwa dakika tano, kisha uulize tena swali lile lile. Likipita, mpe fundi wenu anwani na namba ya mlango akufungulie huo tu. Bando halitaumia, kwa sababu rekodi moja ya kitabu kwa kawaida ni kilobaiti chache, pungufu sana ya picha moja ya WhatsApp.

Sasa tuje kwenye kutafuta, ambako ndiko kwenye kazi. Sote tumezoeshwa na Google, ambayo hukisia unachokusudia, hukusahihisha tahajia na kuyapanga majibu kwa jinsi inavyoona yatakufaa. Programu uliyo nayo haina ukarimu huo. Huyapeleka maneno yako kwenye faharasa uliyoichagua, yaani orodha ya kutafutia kama ya majina ya vitabu au ya waandishi, na seva huyalinganisha na yaliyomo humo, basi. Ukiandika jina la kitabu huku umechagua faharasa ya mwandishi, utapata 0 hata kama nakala tatu za kitabu hicho zimo kwenye rafu zao. Nashuku kwamba hilo ndilo lililokupata, maana programu nyingi hufunguka zikiwa na chaguo la mara ya mwisho, na mtu huandika bila kutazama kisanduku kilicho pembeni. Katika mipangilio utazikuta faharasa hizo kwa namba: 4 ni jina la kitabu, 7 ni ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), 21 ni kichwa cha mada (maneno yanayotaja kitabu kinahusu nini), 1003 ni mwandishi, na 1016 ni popote. Seva ikirudisha kosa namba 114, inakwambia haiitumii faharasa uliyoiomba. Badilisha faharasa na usiguse kingine.

Kwa anayeanza, ninashauri kitabu kimoja kilicho mkononi, maktaba moja, na kitu kimoja cha kutafutia, yaani ISBN. Ondoa alama ya kuchaguliwa kwenye maktaba nyingine zote, kwa kuwa ukiuliza kumi kwa pamoja hutajua ni ipi iliyogoma. Maktaba ya kwanza iwe Maktaba ya Bunge la Marekani, na usione ajabu kuvifuata vitabu vya Kiswahili Washington: maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu 1966, ambayo kazi yake ni kukusanya machapisho ya sehemu hii ya Afrika, na kwa hiyo vitabu vingi vilivyochapishwa Dar es Salaam vina rekodi huko.

Kigeuze kitabu utazame jalada la nyuma au ukurasa wa hakimiliki. Kitabu cha mchapishaji wa Tanzania kwa kawaida kina namba inayoanza na 9976 au 9987, na kwa vitabu vya kuanzia 2007 hutanguliwa na 978. Iandike bila vistari. Jambo linalowakwaza wengi hapa ni kwamba ISBN za zamani zina tarakimu 10 na za sasa zina 13, na rekodi ya zamani inaweza kuwa na ile ya tarakimu 10 peke yake. Kubandika 978 mbele hakutoshi, kwa sababu tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki na hukokotolewa upya. Chukua namba hii ya mfano tu: 9976-12-345-0. Ondoa ile 0 ya mwisho na utangulize 978, ubaki na 978997612345. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, uendelee hivyo hadi ya kumi na mbili, kisha ujumlishe yote, utapata 134. Inayopungua kufikia kigawe cha kumi kinachofuata, yaani 140, ni 6, basi namba kamili ni 978-9976-12-345-6. Seva nyingine hufanya hesabu hii zenyewe na nyingine hazifanyi, hivyo ukikosa kwa namba moja, jaribu ya pili kabla hujasema kitabu hakipo.

Vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 havitakuwa na ISBN, na maktaba za shule za Tanga, kama nyingine zote za zamani, bila shaka zina vingi vya namna hiyo. Hivyo vitafute kwa jina na mwandishi. Usiandike jina lote la kitabu. Chagua maneno mawili yasiyo ya kawaida, kwa sababu kadiri unavyoongeza maneno ndivyo kosa moja la herufi linavyoweza kukupotezea rekodi. Kwa waandishi, kumbuka kwamba katalogi hizi zimezoea kutanguliza jina la ukoo, desturi ambayo haiwaingii vizuri watu wetu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui hapo hapo kwenu, unaweza kumkuta kwenye S katika katalogi moja na kwenye R katika nyingine, na jina la kwanza limeandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Kitakachokuhakikishia kwamba ni yeye ni miaka 1909-1962 inayofuata jina. Andika majina yote mawili bila mkato, na ukikosa, jaribu "Robert" pamoja na neno moja la jina la kitabu.

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya programu hizi haikwambii, kwa sababu imeandikwa na wenye lugha nyingine. Utasoma humo kwamba neno hukatwa mwisho na kuwekewa alama, mara nyingi kinyota, ili umoja na wingi vipatikane kwa pigo moja. Kwa Kiingereza ushauri huo ni mzuri, maana neno lao hubadilika mkiani. Letu hubadilika kichwani. Ukimkata "mvuvi" ukabaki na "mvu", utaletewa mvua, mvulana na mvuke, na wavuvi wenyewe hawatakuwamo. Kanuni ya Z39.50 inaruhusu neno likatwe mbele pia, lakini seva nyingi hazilikubali ombi hilo. Njia inayobaki ni kuyataja maneno yote kwa kiunganishi cha "au", ambacho kwenye skrini yako kitaonekana kama OR: mvuvi OR wavuvi OR uvuvi. Ukiongeza na "kuvua", uwe tayari kupokea na wanaovua nguo, kwani kwa kompyuta hilo ni neno moja. Mkutubi anayetafuta vitabu vya Kiswahili hana budi kuwa na mazoea ya kujiuliza ngeli ya neno kabla hajabofya.

La pili katika hayo hayo ni ile alama ya juu katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Ukiyanakili kutoka kwenye waraka wa Word, mara nyingi alama huja ikiwa imepinda, nayo kwa kompyuta ni herufi tofauti na ile iliyonyooka ya kwenye kibodi. Ifute na uiandike upya moja kwa moja ndani ya programu. Ikiwa bado hupati kitu, liache neno hilo kabisa na utafute kwa neno jingine la jina la kitabu, kwa sababu kila seva ina namna yake ya kuihifadhi alama hiyo.

La tatu ni vichwa vya mada. Katika Maktaba ya Bunge la Marekani vimeandikwa kwa Kiingereza, hata kwa kitabu ambacho ndani hakina neno la Kiingereza. Ukiandika "ushairi" kwenye faharasa ya mada utaambulia 0, ilhali "Swahili poetry" itakufungulia mlango. Huna haja ya kuvikariri. Ukishapata rekodi moja nzuri ya kitabu unachokijua, soma vichwa vyake, ukitumie kimojawapo kutafutia vingine. Hiyo pia ndiyo dawa ya yale maelfu yako: neno "Kiswahili" kwenye faharasa ya popote hukusanya kila kitu chenye neno hilo, lakini kichwa cha mada kikiunganishwa kwa AND (yaani vyote viwili viwemo) na neno moja la jina la kitabu huifanya orodha iwe fupi ya kusomeka.

Rekodi ikija, itazame katika mwonekano wenye namba za MARC, mpangilio ambao kompyuta za maktaba hutumia kuhifadhi taarifa za kitabu, hata kama mwanzoni inatisha. Namba 020 ni ISBN, 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 250 ni toleo, 264 au 260 ni mchapishaji na mwaka, 300 ni idadi ya kurasa, 650 ni mada, na 082 ni namba ya Dewey, ile ya kupangia vitabu rafuni kwa mada. Kabla ya kuihifadhi, fungua ukurasa wa mwisho wa kitabu chako uulinganishe na 300. Kitabu cha kurasa 96 na rekodi ya kurasa 143 ni matoleo mawili tofauti, hata kama jina na mwandishi ni vile vile.

Namba ya Dewey unayoletewa pia haifai kuchukuliwa ilivyo kila mara. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, ushairi wake ni 896.3921, tamthilia 896.3922 na riwaya 896.3923, kwa maktaba ya vitabu 2,000 hapo panatosha, na tarakimu zinazoongezwa baada ya hizo zitakujazia kibandiko cha mgongoni bila kumsaidia mwanafunzi yeyote.

Faili utakalohifadhi litakuwa la aina ya mrc. Usilifungue kwa Word wala Notepad ukalihifadhi tena, kwa sababu kila rekodi ndani yake hubeba hesabu ya urefu wake yenyewe, na herufi moja ikiongezeka hesabu huharibika na rekodi hukataliwa. Likihitaji kurekebishwa, tumia programu ya MarcEdit, ambayo hutolewa bure. Mkiamua baadaye kuweka Koha, programu ya kuendeshea maktaba nzima, ambayo nayo ni ya bure na ina utafutaji wa Z39.50 ndani yake, mafaili hayo hayo yataingia. Chagua usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) wa UTF-8 tangu siku ya kwanza, ili majina yenye alama za juu yasigeuke mabaki ya herufi.

Vitabu vya kiada, vijitabu vya wilaya na machapisho ya misikiti na makanisa usitarajie kuvipata vyote huko nje. Viweke kwenye rafu ya pembeni, na ukishamaliza vingine, nakili rekodi ya kitabu kinachofanana nacho, ubadilishe 020, 100, 245, 264 na 300 ukiwa umekishika kitabu chenyewe, kisha ufute 001, ambayo ni namba ya rekodi katika maktaba ulikoitoa.