Dada wa Sengerema, binti yako si mlafi: yaliyotukuta mimi na kijana wangu

Dada yangu, swali lako nililisoma jana usiku, na leo alfajiri nikalirudia kabla sijatandaza dagaa wangu. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo tangu utotoni) ndio unaomnenepesha binti yako wa miaka 9 anayetumia pia dawa za kifafa. Pili, kama umsikilize shemeji yako anayesema umnyime chakula cha jioni mpaka apungue. La pili nalijibu sasa hivi: usimnyime. La kwanza lina maelezo, naomba univumilie.

Kijana wangu ana miaka 13. Tunakaa Kirumba, Mwanza, na riziki yangu ni dagaa pale mwaloni, kwenye soko la samaki. Aligundulika kuwa na usonji alipokuwa na miaka minne na nusu. Maneno yake mpaka leo ni machache, ila namba anazijua kuliko mimi. Hadi anatimiza miaka 9 alikuwa mwembamba, suruali ya mdogo wake ilimwenea. Halafu ndani ya miezi saba akaongezeka kilo tisa.

Hizo kilo sizikisii. Kliniki alikataa katakata kupanda mzani, maana ule mdogo unatikisika mguu ukigusa tu, na nesi akimshika bega ndiyo basi tena, ni mayowe. Lakini mwaloni kuna mzani wa chuma wa kupimia magunia, mpana, umetulia chini kama jiwe, na namba zake zinawaka nyekundu. Siku moja nikamkuta amejipandisha mwenyewe, amesimama kimya anaziangalia namba. Tangu siku hiyo kila Jumamosi asubuhi anapanda, anaisoma namba kwa sauti, mimi naandika kwenye daftari la mauzo.

Mwanzoni bibi yake alifurahi. Kwetu mtoto akinenepa watu husema amenawiri, na bibi aliamini kabisa kwamba mjukuu anapona. Mimi pia nilijidanganya hivyo kwa miezi mitatu. Kisha akaanza kuhema akipanda kwetu mlimani, na shingoni nyuma ngozi ikawa nyeusi, nene, kama uchafu usiotoka kwa sabuni. Nilimsugua shingo ile mpaka akalia. Haikuwa uchafu. Daktari alikuja kuniambia ngozi ya namna ile ni dalili kwamba mwili unahangaika na sukari. Mtazame binti yako shingoni na kwapani.

Sasa, je, usonji unanenepesha? Si kama malaria inavyoleta homa. Ila watoto wenye usonji wanaangukia kwenye unene kuliko wenzao, na hilo limepimwa: mwaka 2019 watafiti walijumlisha tafiti nyingi wakakuta hatari yao ya unene uliopitiliza iko juu kwa asilimia 41 hivi. Wapo wachache ambao chanzo kimoja cha jeni kinaleta vyote viwili, kwa mfano waliopungukiwa na kipande kidogo cha kromosomu ya 16, moja ya nyuzi zinazobeba jeni. Kwa wengine wengi, akiwemo wangu, unene unaingia kwa milango mingine, na mlango mkubwa kwetu ulikuwa dawa.

Alipofika miaka 9 alianza kujigonga kichwa ukutani na kutuuma. Kliniki moja wakampa risperidoni. Niseme wazi, dawa ile ilitusaidia. Marekani iliidhinishwa mwaka 2006 kwa ajili ya ghadhabu kali kwa watoto wenye usonji. Haiondoi usonji, inatuliza ile ghadhabu. Lakini hakuna aliyeniambia kuhusu uzito. Kwenye jaribio lake kubwa la mwaka 2002, lenye watoto 101, waliomeza risperidoni waliongezeka wastani wa kilo 2.7 kwa wiki 8, na waliomeza kidonge kisicho na dawa kilo 0.8. Wiki nane tu hizo. Dawa inagusa zile sehemu za ubongo zinazosema "nimeshiba", mtoto anabaki na njaa isiyokwisha.

Usiku mmoja, saa nane, nilisikia chuma kinakwaruzwa. Nilimkuta amekaa sakafuni jikoni gizani, sufuria ya ugali ameipakata, anakwangua ukoko kwa kucha, midomo imechanika. Nilimchapa. Nikamwita mlafi. Nakuandikia hili kwa sababu najua na wewe umeshamwita hivyo, au mtu wa nyumbani kwako amemwita, na mtoto hana maneno ya kujitetea. Ilikuwa njaa ya kweli, dada, kama njaa yako na yangu, ila kengele ya kuizima haikulia.

Kesho yake nikaacha kumpa dawa bila kumuuliza mtu. Siku tisa. Hakulala, mikono yake yote ikawa na alama za meno yake mwenyewe. Usifanye nilivyofanya. Dawa hizi hushushwa pole pole na daktari. Ya kifafa ndiyo kabisa usiiguse, ukiikata ghafla degedege linaweza kurudi na nguvu za kuua.

Nilirudi hospitali safari hii na daftari langu la kilo, nikamwekea daktari mezani. Daftari lilifanya kazi kuliko machozi yangu yote ya nyuma. Alipima sukari na mafuta ya damu, akashusha dozi kidogo kidogo kwa wiki sita, na akanieleza kwamba ikishindikana ipo aripiprazoli, dawa nyingine ya jamii ile, ambayo nayo inaweza kuongeza uzito, na ipo metformini ya wagonjwa wa sukari. Metformini ilijaribiwa Kanada na Marekani kwa watoto wenye usonji walionenepeshwa na dawa za aina hii, matokeo yakatoka 2016, na ilisaidia kushusha uwiano wa uzito na urefu. Sisi hatukuifikia. Wewe ichukue kama swali la kumuuliza daktari. Usiende kuinunua mwenyewe duka la dawa.

Kwa binti yako, soma boksi la dawa ya kifafa leo hii. Kama limeandikwa sodiamu valproeti, ujue nayo inaongeza hamu ya kula na uzito. Na kwa mtoto wa kike ina jambo jingine zito: mwanamke akishika mimba akiwa anaitumia, inaweza kumdhuru vibaya mtoto tumboni, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasianzishiwe. Miaka 9 si mbali na kuvunja ungo. Muulize daktari kama ipo nyingine inayomfaa, na huku unauliza endelea kumpa ile ile kama kawaida.

Mlango wa pili ni mdomo wenyewe. Wangu alikuwa anakula vitu sita: chipsi, wali mweupe, mandazi, mkate uliotolewa kingo, biskuti za pakiti moja tu ya bluu, na soda ya chungwa. Mtoto amezaliwa mwaloni, samaki hataki kumwona. Watu walisema namdekeza. Ulimi wa hawa watoto unasikia vitu ambavyo sisi hatuvisikii: mwiba mdogo, ngozi ya nyanya, chembe kwenye uji. Wanga mkavu hauna ajabu, kila siku ni ule ule, kwa hiyo ndiko anakokimbilia.

Soda ndiyo iliyonifundisha. Nilidhani anapenda utamu. Siku moja nikamwona anafungua chupa, anaiweka sikioni, anasikiliza gesi inavyotoka, halafu anaiinua juani aione rangi. Anakunywa mwisho kabisa. Soda ya kawaida ina gramu 10 hivi za sukari kila mililita 100, kwa hiyo ile chupa yake ya mililita 350 ilikuwa vijiko vya chai kama tisa, na alikuwa anakunywa tatu kwa siku. Nikanunua maji ya gesi yasiyo na sukari, nikayachanganya humo humo kwenye chupa yake ya chungwa: wiki ya kwanza kijiko kimoja cha chakula, ya pili viwili, nikaenda hivyo hivyo kama miezi mitano. Leo chupa ni ile ile, sauti ni ile ile, soda ndani yake ni ya kutia rangi tu.

Chipsi sikuzikataza, nilifuata umbo lake. Viazi vitamu, ambavyo kwetu Usukumani havitupigi chenga, nilivikata unene ule ule wa chipsi, nikavichemsha kidogo nikavikausha kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kidogo ya kula. Kipande kimoja, pembeni ya sahani, bila kumwambia kula. Nilikuwa nahesabu. Mara ya nne alikigusa. Mara ya kumi na moja alikilamba. Mara ya kumi na tisa alikula, akainuka akaendelea na yake kama vile hakuna kilichotokea, mimi nikaenda kulia chooni. Baada ya mwaka nilikata mnofu wa sato umbo lile lile. Sasa anaula, ukiwa mkavu na bila hata mwiba mmoja.

Angalia na shuleni. Mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, alikuwa anampa biskuti kila akikaa kitini dakika tano. Hesabu mwenyewe ni biskuti ngapi kwa siku. Tulikubaliana ampe kikokotozi abonyeze namba badala yake, na kwake hicho ni kitamu zaidi. Usingizi nao unachangia: asiyelala anakula zaidi. Kwetu ulitengemaa dozi iliposhuka na taa ya sebuleni ilipoanza kuzimwa saa tatu.

Umesema hachezi. Wa kwangu pia hachezi, kwa sababu hachezeshwi. Mpira unataka kelele, kusukumana na kubadilika kila dakika. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa dakika 60 za kuuchosha mwili kila siku kwa watoto, wenye ulemavu wakiwemo, na mimi nilijiuliza nitazipata wapi. Nikazipata kwenye kile kile kilichokuwa kinanisumbua. Mtoto huyu akishika jambo haliachii. Basi nikampa njia: kutoka mlangoni kwetu, ngazi za mawe mpaka juu mlimani, tunaligusa jiwe moja kubwa, tunashuka. Wiki mbili nilimvuta. Baada ya hapo yeye ndiye anayenivuta mimi, hata nikiwa nimechoka na mzigo wa dagaa, hata kukiwa na manyunyu. Anahesabu ngazi, 214, na nikikosea moja tunarudi mwanzo. Tafuta cha binti yako, kiwe kile kile, saa ile ile.

Kuna watakaokwambia umpeleke ziwani akaogelee. Kichocho kipo ufukweni, na watoto hawa wengi huvutwa na maji bila kuijua hatari. Kama nyumba yenu iko karibu na ziwa, komeo la mlango liwe juu asikofika.

Usitegemee kilo zishuke haraka. Daktari alinieleza kwamba kwa mtoto anayekua, mara nyingi inatosha uzito usimame au uongezeke taratibu, urefu uukute. Wangu leo ana kilo 52 na urefu wa sentimita 151. Kwenye chati ya kliniki bado yuko juu ya mstari wa uzito uliozidi, lakini ametoka juu ya ule wa unene uliopitiliza, na shingo imeanza kurudi rangi yake. Imetuchukua miaka mitatu.

Ukivuka kwa kivuko cha Kamanga kuja kliniki Mwanza, njoo mwaloni Jumamosi kabla ya saa moja asubuhi, magunia yakiwa bado hayajaanza kupangwa. Uliza meza ya mama mwenye kijana wa namba, wote wananijua. Mlete binti apande mzani ule mkubwa, asishikwe bega na mtu, na kijana wangu atamsomea kilo zake.