Aliyeanguka ni nani, ukuta ni wa nani?

Maswali ya wasomaji: bima kwa wakandarasi wa kazi za hatari

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Kakamega, Nakuru, Bungoma na Ahero, na karibu zote zina kilio kimoja: "Nina bima, mbona hawanilipi?" Kabla ya kugombana na mtu yeyote, angalia kwanza nani au nini kimeumia. Ni mtu wako wa kazi, mpita njia, mali ya jirani, au mjengo wenyewe? Kila kimoja kina hati yake. Wakala akikuambia "hii moja inatosha", mwombe akuonyeshe ukurasa.

Nachimba chumba cha chini ya ardhi hapa Milimani, Kisumu, kina cha mita 3. Jirani amepasukiwa na ukuta: nyufa nne, na moja inaingiza kidole. Nina bima ya CAR (bima ya hatari zote za mkandarasi) yenye dhima kwa watu wengine ya shilingi milioni 10. Kampuni imeandika kwamba dai hili haliko. Sasa hizo milioni 10 nilizonunua ni za nini?

Ni za ajali nyingine, ndugu. Tofali likimwangukia mpita njia, au jukwaa likiangukia gari lililoegeshwa nje, ziko. Lakini hati nyingi za CAR hapa nchini hufuata maneno ya Munich Re, kampuni ya Ujerumani inayozikatia bima kampuni za bima, na katika sehemu yake ya pili, ile ya dhima, maneno hayo huondoa hasara inayotokana na mtetemo au na kuondolewa au kudhoofishwa kwa kinachoishikilia mali ya mtu. Ardhi iliyokuwa ikiushikilia msingi wa jirani ndiyo wewe uliyoichimba.

Kinga hiyo hurudishwa kwa kiambatisho, yaani karatasi ya nyongeza kwenye hati, namba 120, tena kwa ada ya ziada. Fungua kurasa za mwisho za hati yako uitafute namba hiyo. Kama haimo, kampuni ina haki, na pesa ya wakili ni afadhali uitie kwenye ukuta. Kama imo, soma masharti yake polepole, kwa maana ni makali: hulipa jengo likiporomoka, lote au sehemu, jengo liwe lilikuwa zima kabla ya kazi, na uwe ulichukua hatua za kulilinda, na kampuni ikitaka, uwe ulitoa ripoti ya hali ya jengo hilo kabla ya kuanza, kwa gharama yako. Nyufa za juu juu zisizotikisa uimara wa jengo hazilipwi.

Kwa hiyo ubishi wako wote uko kwenye ule ufa unaoingiza kidole. Mtu wa kuuamulia si wakala, ni mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Aandike upana kwa milimita, kama ufa umepenya upande wa pili, kama unateremka mshazari kutoka pembe ya dirisha hadi msingini, na kama msingi umetitia. Ripoti inayosema tu "nyufa zimeonekana" haitakusaidia.

Kuhusu chanzo, pima hivi. Chukua ukingo wa chini wa msingi wa jirani, vuta mstari unaoteremka kwa nyuzi 45 kuelekea kwako. Shimo likiukata mstari huo, umeugusa udongo unaobeba nyumba yake. Msingi wake ukiishia mita 1 chini na wewe unashuka mita 3, tofauti ni mita 2, basi ukingo wa shimo ulipaswa kukaa angalau mita 2 kutoka kwenye msingi huo, au kuta za shimo zikingwe kabla ya kushuka. Kwenye udongo mweusi wa Kisumu hata kipimo hicho ni cha matumaini. Udongo huu ukikauka husinyaa na kupasuka, ukilowa huvimba na kuteleza, na shimo lililoachwa wazi msimu wa mvua za Machi hadi Mei hupitia yote mawili. Anayelazimika kukaribia huchimba kwa vipande vya kama mita 1, akiruka kimoja, na hafungui kingine kabla zege ya kile cha kwanza haijashika.

Kwa sasa simamisha kazi upande huo na uegemeze kuta za shimo. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za kila ufa, kisha gundisha kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa plasta. Kikivunjika, ukuta bado unatembea. Piga picha kila wiki. Na usimwambie jirani "nitakutengenezea". Hati nyingi hukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na ahadi iliyotolewa langoni inaweza kukufungia mlango. Kumpa pole si kukubali kosa. Mpe, umwambie mhandisi anakuja, uishie hapo.

Nilitoa kazi ya paa Kakamega kwa jumla kwa kiongozi wa mafundi, yeye ndiye huwalipa vijana wake. Mmoja ameanguka kutoka ghorofa ya pili, amevunjika nyonga. Wakala anasema bima yangu ya dhima kwa umma haimhusu. Na je, huyu ni mtu wangu au ni wa kiongozi?

Wakala yuko sawa kwa la kwanza. Dhima kwa umma, yaani bima ya madhara kwa watu wa nje, huwatoa watu wako wa kazi. Hao wako chini ya sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA, inayomlazimu mwajiri kuwakatia bima hata vibarua wa siku.

Kwa la pili, mkataba wa mdomo hauna uzito kama hali ya kazi yenyewe. Nani alileta vifaa, nani alipanga saa, nani angeweza kumfukuza kijana huyo? Kiongozi asiye na kampuni, asiye na bima, mwenye nyundo na kamba tu, ni vigumu kumwita mkandarasi. Jiandae kwamba utahesabiwa wewe kuwa mwajiri. Safari nyingine, kabla ya kumpa mtu kazi ya jumla, chukua nakala ya bima yake ya WIBA, au umwambie wakala wako aingize vijana wake kwenye orodha ya mishahara yako.

Sasa fanya haya. Gharama ya matibabu ni ya mwajiri, usiache familia ichangishe. Jaza fomu ya DOSH/WIBA 1 na uipeleke kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu upate habari. Angalikufa, taarifa ingetakiwa ndani ya saa 24. Kampuni ya bima iandikie siku hiyo hiyo, ukiambatisha daftari la mahudhurio, picha za jukwaa kabla halijaguswa, na majina ya walioona. Makubaliano ya mkono mbele ya wazee hayafuti wajibu wako wa kuripoti.

Hesabu ni hii. Kwa ulemavu wa kudumu wa asilimia 100, au kifo, fidia ni mapato ya miezi 96. Kijana anayelipwa shilingi 1,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anapata 26,000. Mara 96 ni 2,496,000. Daktari akimpa ulemavu wa asilimia 20, ni 499,200. Juu ya hapo kuna malipo ya kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, yasiyozidi miezi 12.

Hapa ndipo wengi huumia bila kujua. Ada ya WIBA hutozwa kwa makadirio ya mishahara ya mwaka, na mkandarasi akitaka iwe ndogo huandika shilingi 600 kwa siku badala ya 1,000. Kampuni italipa kwa mshahara ulioandikwa: 600 mara 26 mara 96, yaani 1,497,600. Zile 998,400 zinazobaki zinatoka mfukoni mwako. Umeokoa ada ya elfu kadhaa.

Kijana ana miezi 12 ya kudai. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, madai haya huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Asiyeridhika na tathmini hupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60, kisha rufaa huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kazi yangu Nakuru ni kubomoa majengo ya zamani na kuezeka maghala. Kampuni tatu zimenikataa, ya nne inataka ada mara mbili ya ile anayolipa rafiki yangu anayejenga nyumba za chini. Nijaze tu kwamba mimi ni "mkandarasi wa majengo"?

Usithubutu. Kwenye jedwali la hati, ule ukurasa wa majina na maelezo yako, kuna mstari wa "biashara ya mwenye bima". Ukiandikwa "ujenzi wa majengo" na ukuta ukamwangukia mtu wakati unabomoa, asesa, yule mkaguzi wa hasara, ataanzia mstari huo na pengine hatahitaji kufika wa pili. Bima husimama juu ya kusema ukweli wote. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wao, wanaweza kuifuta hati yote, hata kwa ajali isiyohusiana na ubomoaji.

Kukataliwa hutokana mara nyingi na fomu tupu. Anayepima hatari akiona neno "ubomoaji" bila maelezo, humwazia mtu wa nyundo kubwa na bahati. Mpelekee leseni ya mwaka huu ya NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi), kimo cha juu kabisa unachofanyia kazi, idadi ya watu, sehemu ya kazi unayowapa wengine, madai yako ya miaka 5 iliyopita hata yale madogo, na maelezo ya hatua za kazi: unabomoa kutoka juu kwenda chini, kwa mkono au kwa mashine, uzio uko umbali gani, stima na maji hukatwa na nani. Unaweza pia kukubali eksesi kubwa, lile fungu la kwanza la hasara unalobeba mwenyewe, ili ada ishuke. Hiyo ni biashara halali. Kusema uongo si biashara.

Ukishapewa hati, tafuta mambo matatu. La kwanza ni kikomo cha kimo na kina: ikiandikwa mita 10 na ghala lako lina mita 12 kwenye kilele, huna bima hapo juu. La pili ni kazi za moto. Sharti la kawaida ni kizima-moto mkononi na mtu wa kukesha penye uchomeleaji kwa muda uliotajwa baada ya kumaliza; weka daftari la saini, kwa sababu moto wa paa huonekana mafundi wakiwa wameshafika nyumbani.

La tatu ni asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu. Mabati ya zamani ya kijivu yaliyo kama saruji, kwenye maghala na nyumba nyingi za zamani, ni asbesto, na karibu kila hati ya dhima huiondoa kabisa. Kuyatoa kunahitaji idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na watu wenye leseni. Yaondolewe kwa mkataba tofauti kabla hujaingia, nawe upate hati ya kukabidhiwa jengo lisilo nayo.

Mwenye mjengo Bungoma amekata CAR yeye mwenyewe. Je, mimi mkandarasi mdogo nimo?

Uko iwapo jedwali limeandika jina lako au "wakandarasi na wakandarasi wadogo wote". Uliza kama kuna kiambatisho 002 cha dhima baina ya wenye bima, ili ukiharibu mali ya mkandarasi mwenzako usiambiwe nyote ni mtu mmoja. Vifaa na mashine zako havimo mpaka viorodheshwe kwa thamani. WIBA ya watu wako inabaki juu yako. Angalia pia tarehe ya mwisho: kipindi cha kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano kinahitaji kiambatisho chake.

Nilikodi mashine ya kuchimba na dereva wake, Ahero. Imekata bomba la maji, nyumba nyingi zimekaa siku mbili bila maji. Nani analipa?

Soma mkataba wa kukodi: mwingi humfanya dereva kuwa chini ya amri yako akiwa saiti. Kwa bima, kiambatisho 102 hukutaka uwe uliuliza mahali hasa nyaya na mabomba yalipo kabla ya kuchimba. Bila barua ya kuuliza, dai ni dhaifu. Ukiwa nayo, utalipiwa ukarabati wa bomba tu. Hasara ya wateja na faini hazimo. Na mashine ikitembea barabarani, inahitaji bima ya magari ya Sura ya 405, ile ya lazima ya kulipa watu wengine, ambayo kwa dai la kila mtu haizidi shilingi milioni 3. Dhima kwa umma haichukui nafasi yake.

Wakala anataka nilipe ada kwa simu yake, kwa awamu tatu. Ni sawa?

Hapana, Mama. Sheria ya Bima, kifungu cha 156, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla haijapokea ada. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni yenyewe, ukipewa risiti yenye namba ya hati. Kwa ada ya 60,000 ongeza asilimia 0.2 ya mafunzo, yaani 120, asilimia 0.25 ya mfuko wa fidia kwa wenye bima, yaani 150, na stempu ya 40. Jumla ni 60,310. Akikuletea "gharama za faili" juu ya hizo, mwombe aziandike kwa karatasi ya kampuni, yenye mhuri.