Mathenge inachipuka tena kila ukikata? Shuka chini ya udongo

Ndugu, umeuliza mbona mathenge, ule mti wa miiba (Prosopis), ya shamba lako hapo Marigat, Baringo, inarudi na umeshaikata yote. Shida ni vile unakata. Ukikata juu ya ardhi ni kama umeipogoa tu, itatoa machipukizi kibao, coz macho yake, pale machipukizi hutokea, yako pale shina linaingia udongoni. Fukua pembeni kwa jembe, shuka hata sentimita 30, kata mzizi mkuu hapo kwa shoka. Miche midogo ing'oe mvua ikinyesha udongo ukiwa laini, na uvae gambuti, ile miiba inapita ndala bila kubisha hodi.

Halafu mbuzi. Wakila yale maganda matamu, mbegu nyingi zinatoka nzima kwa kinyesi na zimeshapata mbolea, kwa hivyo wasitoke kichakani wakaja moja kwa moja shambani kwako. Maganda yakiwa ya njano okota upeleke poshomill yasagwe pamoja na mbegu, hiyo ni chakula safi ya mifugo, changanya na nyasi lakini, ikiwa peke yake sukari inaozesha meno ya mbuzi. Matawi choma makaa. Pale umesafisha panda nyasi haraka kabla haijarudi.