Mzee ambaye vidole vyake havisomeki na mashine bado anapiga kura

Mjukuu akiuliza kama nyanya yake, yaani bibi, atarudishwa nyumbani bila kupiga kura kwa kuwa mashine ya kituoni haisomi vidole vyake, jibu ni la, hawezi kurudishwa kwa sababu hiyo. Mashine ikishindwa kusoma vidole, ambavyo kwa mabibi wengi wa huku Kisauni, Mombasa, vimelainika kwa miaka ya kusuka makuti, karani hulitafuta jina lake kwa nambari ya kitambulisho, na akishapatikana katika daftari la wapiga kura, Fomu 32A, ile ya mpiga kura asiyetambuliwa kwa vidole, hujazwa mbele ya mawakala wa vyama na wagombea, kisha anapewa karatasi zake. Nilikuwa karani wa kituo mwaka 2022 na nilizijaza kadhaa, nyingi zikiwa za wazee.

Akihitaji pia kushikiwa kalamu, kanuni za uchaguzi za Kenya za 2012 zinamruhusu kuja na mtu anayemwamini, aliyetimiza miaka 18, ambaye hula kiapo cha kutunza siri. Asiye na mtu husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Ila mjukuu aelewe kwamba anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu, kwa hiyo babu atafutiwe mwingine, na kitambulisho kisisahauliwe, kwani bila hicho hakuna kinachotafutwa.