Tumbo Lililopigwa Halionyeshi Yote kwa Nje

Mtu aliyepigwa tumboni na usukani wa pikipiki anaweza kuinuka, akajipangusa vumbi na kuwaambia waliomzunguka kwamba yuko salama, ilhali damu inavuja ndani yake. Nayaandika haya kwa sababu bandama yangu ilichanika katika ajali ya namna hiyo, na juu ya ngozi hapakuwa na zaidi ya mchubuko mdogo.

Bandama hukaa upande wa kushoto, nyuma ya mbavu za 9 hadi 11. Ni laini na imejaa damu, na hiyo yenyewe pamoja na ini ndivyo viungo vinavyoumia mara nyingi zaidi tumbo linapogongwa bila kutobolewa. Kilichonipeleka hospitali hakikuwa maumivu ya tumbo, bali ya ncha ya bega la kushoto, ambalo halikuwa limegusa chochote. Daktari alinieleza kwamba damu ikikusanyika chini ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, huchokoza neva inayotokea shingoni, na ubongo huyapokea maumivu hayo kana kwamba yanatoka begani. Kwa hiyo, ukisikia bega linauma baada ya kugongwa tumboni au ubavuni, usilikande, nenda ukapimwe.

Dalili nyingine za kuangalia ni kizunguzungu mtu anaposimama, jasho la baridi, kiu isiyo ya kawaida, tumbo kujaa au kukakamaa, damu kwenye mkojo, na alama ya mkanda wa gari iliyopita juu ya tumbo. Presha nzuri isiwatulize upesi, maana mwili wa mtu mzima mwenye afya hubana mishipa na kuongeza mapigo ya moyo, hata presha ikabaki kawaida mpaka zaidi ya robo ya damu iwe imepotea. Mapigo ya moyo huanza kubadilika mapema zaidi.

Wakati wa kumpeleka majeruhi, asipewe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji, na asimeze aspirini au ibuprofeni, ambazo hupunguza uwezo wa damu kuganda. Akishafika hospitali, hana sababu ya kukataa dawa ya maumivu akipewa. Kama kuna kitu kilichochoma na kubaki tumboni, kisichomolewe. Na utumbo ukiwa umetoka nje, usirudishwe, bali ufunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi.

Mimi sikupasuliwa, na jambo hilo liliwatia jamaa zangu wasiwasi kuliko ajali yenyewe, kwani walidhani nimetelekezwa. Ukweli ni kwamba mgonjwa ambaye presha yake imetulia, hata kama bandama au ini limechanika, mara nyingi hutibiwa kwa kulazwa chini ya uangalizi wa karibu: anapimwa presha na wingi wa damu mara kwa mara, tumbo linakaguliwa tena na tena, na chumba cha upasuaji kinakuwa tayari iwapo hali itabadilika. Kurudiwa huko kwa vipimo kuna sababu nzito. Ultrasaundi huonyesha majimaji yaliyomwagika tumboni, lakini inaweza kukosa tundu la utumbo, na hata CT skani ya mapema inaweza kulikosa. Maumivu yanayozidi, homa na kutapika huenda vikajitokeza saa nyingi baadaye. Kwa watoto wanaoangukia usukani wa baiskeli tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa kuwa kongosho na mwanzo wa utumbo mwembamba hubanwa dhidi ya uti wa mgongo, na mtoto huweza kuanza kutapika baada ya siku moja au zaidi.

Kurudi nyumbani si kupona. Bandama iliyochanika inaweza kuvuja upya siku kadhaa baadaye, na ndiyo maana nilikatazwa kunyanyua mizigo na kucheza mpira kwa wiki nyingi, nikatii ingawa nilijihisi mzima kabisa. Aliyeondolewa bandama ana jukumu jingine la maisha yote: anahitaji chanjo dhidi ya bakteria wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo, ambazo kwa kawaida hutolewa kuanzia siku ya 14 baada ya upasuaji, na kila akipata homa anapaswa kwenda hospitali siku hiyohiyo na kumwambia daktari, kabla ya kuulizwa, kwamba hana bandama.