Boksi la spika hupimwa kwa hewa iliyomo

Vijana wanaokuja kujifunza kutengeneza maboksi ya spika huuliza kwanza mbao gani nzuri, halafu rangi, halafu namna ya kukata tundu likatoka duara safi. Swali la boksi libebe lita ngapi huja mwisho, mara nyingi mbao zikiwa zimeshakatwa. Mimi naomba wewe unayeanza leo ugeuze mpangilio huo. Ukishajua lita zako, useremala unaobaki unajifunzika.

Jaribu jambo moja kabla hujanunua ubao. Chukua wufa, yaani spika ya besi, iunge kwenye amplifaya ikiwa mezani bila boksi, kisha piga muziki kwa sauti ya chini. Besi haipo. Koni, ule uso wa spika unaotikisika, inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo inavuta hewa ya nyuma, na mawimbi hayo mawili yanazunguka ukingo wa spika yanakutana na kufutana. Sauti nene ndizo zinazoathirika zaidi kwa sababu mawimbi yake ni marefu. Sasa toboa tundu kwenye ubao mpana, iweke spika humo, piga wimbo uleule. Besi inaanza kusikika, na hujaongeza hata wati moja. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya boksi: kuitenga sauti ya nyuma na ya mbele. Kazi ya pili ni kuishika koni. Hewa iliyofungiwa ndani inafanya kazi ya springi. Boksi likiwa dogo mno springi inakuwa ngumu na besi inavuma kwenye noti moja tu. Likiwa kubwa mno koni inacheza ovyo na spika inaweza kuharibika mapema.

Saizi sahihi inatoka kwenye spika yenyewe. Hesabu tunayotumia leo iliwekwa msingi na mhandisi wa Australia, Neville Thiele, katika makala yake ya 1961, na Richard Small akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila spika ina tarakimu zake tatu za kuanzia. Fs ni mtikisiko wake wa asili ikiwa nje ya boksi, unaohesabiwa kwa Hz, yaani mitikisiko kwa sekunde. Vas ni kiasi cha hewa ambacho ugumu wake unalingana na ugumu wa viungo vya koni. Qts inaeleza koni inadhibitiwa kiasi gani isiendelee kutikisika baada ya muziki kusimama. Kwa kawaida spika yenye Qts ya karibu 0.4 au chini yake hupenda boksi lenye bomba, ikizidi 0.5 nakushauri boksi lililofungwa kabisa.

Spika nyingi za Kariakoo, na hata za Luthuli Avenue kule Nairobi, zinauzwa bila karatasi yoyote. Kilichoandikwa kwenye katoni ni wati za PMPO, yaani za kilele za kuvutia wanunuzi, elfu kadhaa, na namba hiyo haikusaidii kwa lolote. Usibahatishe. Fs unaweza kuipata nyumbani: unga spika kwenye amplifaya kupitia rezista ya omu 1,000, piga toni kutoka kwenye simu ukipandisha polepole kutoka Hz 20, na multimita ikiwa kwenye volti za AC pima kwenye miguu ya spika. Pale volti zinapofika kilele ndipo Fs ilipo. Baada ya hapo ifunge spika hiyohiyo kwenye boksi lolote lisilovuja ambalo lita zake unazijua, urudie kipimo. Kama nje ilikuwa Hz 35 na ndani ya boksi la lita 40 imepanda mpaka Hz 55, gawanya 55 kwa 35, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa 40. Unapata takriban lita 59, na hiyo ndiyo Vas yako kwa ukaribu unaotosha kazi ya nyumbani. Kwa kilele hichohicho Qts nayo inakokotolewa. Programu ya bure ya WinISD itakuchorea jinsi spika hiyo itakavyolia kwenye boksi la kila saizi. Jioni moja mbele ya kompyuta inaokoa bodi nzima.

Sasa lita. Hapa ndipo wanaoanza wanapopotea, kwa kupima nje. Boksi la sm 40 kwa 60 kwa 38 kwa nje linaonekana la lita 91. Likiwa la bodi ya mm 18, ndani linabaki sm 36.4 kwa 56.4 kwa 34.4, yaani lita 70.6. Lita 20 zimeliwa na unene wa bodi. Toa tena nafasi ya mwili wa spika, bomba na mbao za kukazia, karibu lita 5 kwa wufa ya inchi 12, unabaki na 65. Hizo 65 ndizo za kuingiza kwenye hesabu.

Bomba nalo lina kanuni yake, na haliwekwi kwa mapambo. Ukipuliza mdomo wa chupa tupu inatoa noti moja. Boksi na bomba lake linafanya vivyo hivyo, na noti hiyo unaichagua wewe. Zidisha 23,562.5 kwa kipenyo cha ndani cha bomba, kwa sentimita, kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe, gawanya kwa lita za boksi zilizozidishwa kwa Hz, kisha kwa Hz tena, kisha toa 0.732 ya kipenyo. Kwa boksi letu la lita 65, bomba la PVC la sm 10 kwa ndani na noti ya Hz 40, urefu unakuja sm 15.3. Nimechagua Hz 40 kwa makusudi: uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hulia kwenye Hz 41, kwa hiyo muziki wa dansi unaingia wote. Ukipiga sauti za chini zaidi ya hapo kwa nguvu, hewa ya bomba haiishiki tena koni na inaweza kugonga mpaka ikaharibika. Kata sauti hizo kwenye amplifaya au miksa. Mwisho wa bomba kwa ndani uwe mbali na ukuta wa nyuma, angalau upana wa bomba lenyewe. Na kata bomba refu kidogo kuliko hesabu, kwa sababu kupunguza ni rahisi.

Kuhusu mbao nitasema kwa ufupi. Spika za kukaa sebuleni, MDF, yaani bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ya mm 18 inatosha na hailii yenyewe. Za kubebwa harusini na kwenye mikutano, tumia plaiwudi nzuri, kwa sababu MDF ikilowa inavimba na pembe zake zinamomonyoka. Mninga unapendeza, nami naupenda, lakini mbao nzima inatanuka na kusinyaa kadiri unyevu unavyobadilika, na ukikaa Dar es Salaam au Mombasa utaona viungo vimeachana masika yakipita. Utumie kwa fremu ya mbele au stendi.

Bodi ya futi 4 kwa 8 inatoa maboksi mawili ya saizi niliyoitaja na vipande vya kukazia vinabaki. Peleka mchoro kwa mwenye mashine ya kukatia bodi badala ya kukata kwa mkono, na umwambie vipande vyote vya upana mmoja avipitishe mashine ikiwa haijaguswa. Vikipishana milimita mbili hutaziba nafasi hiyo kwa gundi. Matundu yakate kabla ya kuunga boksi, na upime spika iliyo mkononi mwako. Maneno "inchi 12" hayakuambii tundu liwe na ukubwa gani.

Vaa barakoa. Vumbi la mbao liko kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na zaidi ya hapo MDF ina gundi yenye kemikali ya formaldehaidi. Katia na kupigia msasa nje, watoto wakiwa mbali. Nimewaona mafundi wazuri wanaodharau hili na linaniuma.

Kwenye kuunga, anayeshika ni gundi. Skrubu zinabana mpaka ikauke tu. Toboa kwanza kwa drili ndogo, la sivyo ukingo wa MDF utapasuka. Pima pembe kwa skwea kila unapobana, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari: vipimo viwili vikilingana boksi limenyooka. Weka kipande cha kukazia kati ya ubavu na ubavu, usikiweke katikati kabisa. Viungo vikishakauka, pitisha mstari wa gundi ndani ya kila kona, kwa kidole, bila kuruka hata sehemu moja.

Uvujaji ndio ugonjwa mkubwa wa maboksi ya nyumbani. Funga spika juu ya utepe wa sponji ya dirisha, ziba bomba kwa kitambaa kilichobanwa vizuri, kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili na uachie. Ukihisi hewa ya ndani inaipinga, boksi limeshika. Ikizama kirahisi kama vile iko nje ya boksi, kuna njia ya hewa, na mara nyingi iko kwenye tundu la waya nyuma. Njia nyingine ni kupiga toni ya Hz 30 kwa sauti ya chini na kupitisha sikio kwenye viungo, panapofyonza utapasikia.

Kabla hujawasha mbili kwa pamoja, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya za kila boksi, chanya kwa chanya. Koni zote zitoke nje. Moja ikiingia ndani, geuza waya zake, maana zikipingana besi inapotea katikati ya chumba. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4, na amplifaya yako iwe inaruhusu. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ya omu 8 ilindwe angalau kwa kapasita ya maikrofaradi 4.7, isiyo na upande wa chanya na hasi, ambayo inaruhusu sauti kuanzia karibu Hz 4,200 kwenda juu.

Rangi isubiri. Sikiliza maboksi yakiwa mabichi kwa siku kadhaa, kwa nyimbo unazozifahamu vizuri, mara yakiwa kwenye kona ya chumba, mara yakiwa mbali na kona, kwa kuwa kona huongeza besi sana. Kama besi inavuma, bandika pamba ya mito kwenye kuta za ndani bila kuukaribia mdomo wa bomba, au ongeza urefu wa bomba kidogo kushusha noti yake. Ukisharidhika, toa spika, pakaa kingo za MDF gundi nyeupe iliyochanganywa na maji ili zisinywe rangi, piga msasa, ndipo upake.