Majimbo 48 kwa gari: safari moja au vipande?

Ndugu, umeuliza kama uyamalize majimbo 48 ya Marekani yanayopakana (yaani bila Alaska na Hawaii) kwa safari moja au uyagawe. Gawa. Ukifululiza, wiki ya pili utakuwa unahesabu vibao tu, huoni nchi.

Ila kabla ya ramani, amua kwanza nini kinahesabika kuwa umefika jimbo. Mimi nilijiwekea sharti: lazima nishuke, nile mlo mmoja, na nitembee kwa miguu. Bila sharti utajidanganya. Route 66, ile barabara kuu ya zamani, kwa mfano, inapita majimbo 8 kutoka Chicago hadi Santa Monica, takriban kilomita 3,900, lakini ndani ya Kansas ni kama kilomita 21 tu. Ukisinzia kwenye kiti cha abiria umeshatoka! Na pale Four Corners, Utah, Colorado, Arizona na New Mexico zinakutana pamoja. Mguu huku, mkono kule, umegusa majimbo manne. Picha nzuri, ila kwangu hiyo si kufika.

Na hiyo Route 66 iliondolewa rasmi kwenye mtandao wa barabara kuu mwaka 1985, kwa hiyo usitegemee kibao kimoja kikuongoze mwanzo hadi mwisho.

Kuendesha, pumzika kila baada ya saa mbili hivi, na upepo wa matairi upime asubuhi yakiwa bado ya baridi. Siku moja kati ya nne au tano iache bila mpango wowote. Yangu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya namna hiyo.